Kabla hujakiita kituo cha utafiti cha chuo kikuu

Ukitaka watafiti wa chuo kikuu wakusaidie kupanga mitaa au kuandika sera, usianze na hojaji. Anza na uamuzi. Andika kwa sentensi moja nani ataamua nini, na lini: "Baraza litachagua mtaa wa kujengewa zahanati katika kikao cha bajeti." Kisha hesabu miezi kurudi nyuma. Ripoti ikifika wiki moja baada ya bajeti kupitishwa, hata iwe nzuri namna gani, inaishia kabatini.

Kalenda ya chuo ina mwendo wake. Kazi ya uwandani mara nyingi hufanywa na wanafunzi, na muhula ukiisha wanaondoka, kwa hiyo dai mtafiti wa kudumu atakayebaki na kazi hadi mwisho. Kibali cha kamati ya maadili, inayolinda haki za wanaohojiwa, nacho huchukua wiki kadhaa, pengine miezi.

Pesa nyingi hupotea kwenye sampuli, yaani kaya chache zinazohojiwa kwa niaba ya zote. Wengi wamesikia kwamba kaya 385 zinatosha. Ni kweli kwa mji mzima: zikichaguliwa kwa bahati nasibu, asilimia utakayopata itapishana na hali halisi kwa pointi 5 hivi, juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Lakini baraza letu linachagua mtaa. Gawanya kaya 400 kwa mitaa 8, kila mmoja unapata 50, na pointi 5 zile zinakuwa 14. Mtaa mmoja ukionyesha asilimia 60 wanatembea mbali kufuata matibabu na mwingine 48, huna haki ya kusema wa kwanza una shida zaidi. Kupunguza mpishano huo wa pointi 14 kwa nusu kunadai kaya mara nne: 200 kwa kila mtaa, 1,600 kwa jumla. Afadhali ulinganishe mitaa 2 au 3 inayoshindaniwa kweli, na kwingine utumie kumbukumbu zilizopo, kama daftari za wagonjwa.

Hojaji ijaribiwe kwa watu 20 au 30 kwanza, kwa lugha wanayoisema nyumbani. Swali "Je, mna maji nyumbani?" litajibiwa "ndiyo" na mwenye bomba lililokauka siku tano. Uliza: "Jana, maji ya kunywa mliyatoa wapi?" Jibu litakuwa kisima, jirani au mwenye mkokoteni, na hilo ndilo linalopangika.

Hati ya makubaliano iseme nani anatunza data, majina yanaondolewa lini, na chuo kinakata kiasi gani cha fedha kwa uendeshaji wake. Baraza lipewe rasimu ya ripoti, tuseme siku 14, lisahihishe makosa ya ukweli tu. Likipewa nafasi ya kufuta matokeo yasiyolipendeza, wananchi watajua, na safari ijayo hawatafungua mlango.

Madiwani wape kurasa mbili na ramani moja. Waliohojiwa nao warudishiwe matokeo kabla ripoti haijafungwa, maana ni wao waliotoa muda wao. Bandika ramani kubwa ukutani na uwape kalamu. Mama mmoja akichora msalaba kwenye njia ambayo mvua ikinyesha haipitiki, mtafiti aende akaikague, kisha ndipo aandike umbali wa kufika zahanati.