Jiko la nje kando ya ziwa: maswali yenu kutoka Kisumu

Ploti yangu Dunga inateremka hadi majini. Naweza kusogeza jiko la nje karibu na maji kiasi gani? – Msomaji, Dunga

Usianze kupima pale maji yalipo leo. Anza pale yalipowahi kufika juu kabisa. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda na kuingia kwenye nyumba za watu, Dunga ikiwamo, na alama za mafuriko hayo bado ziko kwenye kuta na miti. Wazee wa mtaa watakuonyesha. Kutoka hapo acha mita 30 bila nguzo, zege wala ukuta. Sheria ya mazingira, kifungu cha 42, inakataza kujenga ndani ya ziwa au kinamasi bila idhini, na hatimiliki inayoonyesha ploti ikigusa maji haikuondolei katazo hilo. Kabla ya kumlipa msanifu, ita mpimaji ardhi aweke vigingi, kisha waombe NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) na Mamlaka ya Rasilimali za Maji wathibitishe mpaka. Wengi huchora ramani kwanza, halafu wanalazimika kulipia mchoro mpya.

Ni nguzo nne na mabati tu, bila kuta. Bado nahitaji kibali? – Msomaji, Milimani

Ndiyo. Jiko la kuchomea nyama unaloweza kubeba halina shida, lakini sakafu ya zege, nguzo na paa ni jengo. Kwa Sheria ya Mipango ya mwaka 2019, kujenga bila idhini ya kaunti kunaweza kukugharimu faini ya hadi shilingi 500,000, kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Peleka ramani zenye muhuri wa msanifu na mhandisi waliosajiliwa, nakala ya hatimiliki na stakabadhi ya reti (kodi ya ardhi ya kaunti). Hifadhi risiti yenye tarehe, kwa sababu kaunti ina siku 60 za kukujibu.

Jambo moja ambalo karani hatakuuliza: alasiri upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Jiko likikaa upande wa ziwa, moshi wote utaingia sebuleni kwako.

Sakafu imepasuka kabla ya mwaka kuisha. – Msomaji, Ahero

Huo ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa uwanda wa Kano. Hufura wakati wa mvua na kunywea kiangazi. Uchimbe wote hadi ardhi ngumu, jaza mawe na murram, ukishindilia kila sentimita 15. Kisha mwaga zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene sentimita 10, lenye wavu wa chuma ndani. Sakafu ya mita 3 kwa 4 inakula mifuko 8 ya saruji. Imwagilie maji siku 7.

Mtungi wa kilo 13 unakaa ndani ya kabati la matofali chini ya meko. Sawa? – Msomaji, Mamboleo

Hapana, uondoe leo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutulia chini ya kabati na kungoja cheche. Jenga kabati la pembeni, lenye matundu ya kutokea nje kwenye usawa wa sakafu na mengine juu, mbali na mfereji wowote. Mpira wa gesi usizidi mita 1.5 wala usipite nyuma ya moto. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga gesi.

Maji ya sinki yaelekee ziwani? – Msomaji, Usoma

La. Yapitishe kwanza kwenye kisanduku cha kunasa mafuta, kisha kwenye shimo la maji machafu au bomba la taka. Toa mafuta kila wiki.