Gari kuukuu Tanga: shughulikia maji, ethi na kutu kabla hujaigusa injini

Gari linalolala Raskazone, hapa ufukweni Tanga, halizeeki sawa na lile linalolala Arusha, hata kama yalishushwa kwenye meli moja. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi inavuta unyevu, na unyevu wenye chumvi unakula chuma usiku na mchana, gari likiwa linatembea au limepaki. Injini zenyewe ni ngumu. Injini ya 5A ya Toyota Carina na Corolla 110, au 1NZ ya Toyota IST na Spacio, ikibadilishiwa oili kwa wakati haina neno. Huku pwani vinavyotangulia kuchoka ni vinavyoizunguka: njia za maji, nyaya za ethi (za hasi ya betri), mabomba ya breki na bodi. Pesa yako ya kwanza iende huko.

Kazi nyingi hapa chini zinafanyika uani kwa spana za 8 hadi 17, bisibisi, koleo, brashi ya waya, msasa na mita ya umeme ya kawaida. Ila jeki ni ya kuinulia tu. Kabla hujaingia uvungu, gari likae juu ya stendi za chuma, sehemu tambarare, tairi zilizobaki chini zimewekewa vigingi. Tofali la saruji usilitumie kamwe kama stendi. Linapasuka ghafla, halitoi onyo.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoua injini nyingi. Maji ya kisima karibu na bahari huwa na chumvi na chokaa. Ukiyatia kwenye rejeta, chokaa inaganda ndani ya vijibomba vyembamba na chumvi inatafuna alumini ya hedi (kichwa cha injini) na ya pampu ya maji. Tumia kulanti (dawa ya kupoozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri. Soma chupa vizuri: duka hilo hilo linauza asidi ya betri kwenye chupa inayofanana. Na kama kulanti imeandikwa kuwa tayari imechanganywa, usiiongeze maji. Rangi isikudanganye pia, kijani cha kampuni moja si kijani cha nyingine, na kulanti za aina mbili zikikutana zinaweza kuganda tope.

Kusafisha, subiri injini ipoe kabisa. Fungua kifuniko, weka beseni chini, legeza koki iliyo chini ya rejeta. Koki ni ya plastiki na imeshazeeka, izungushe kwa vidole, si kwa koleo. Maji yakiisha, funga, jaza maji safi, weka hita kwenye joto la mwisho, washa injini mpaka mpira wa juu wa rejeta uwe wa moto. Hapo themostati (vali inayofunguka maji yakipata joto) imefunguka na maji yanazunguka kote. Zima, acha ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke safi. Gari dogo la namna hii linachukua kati ya lita 5 na 6, lakini ukimwaga kwenye rejeta peke yake hayatoki yote, kwa hiyo tia kwanza kulanti nzito (isiyochanganywa maji) nusu ya ujazo wote, kisha malizia na maji. Jaza polepole huku unabonyeza mipira ya rejeta kwa mkono ili hewa itoke. Hewa ikibaki, mshale wa joto unapanda na kushuka ovyo, na hita inatoa upepo baridi.

Sasa themostati. Kuna tabia iliyozoeleka ya kuing'oa gari likichemsha, eti Tanga joto, haina kazi. Ina kazi. Bila themostati injini inatembea ya baridi barabarani, kompyuta inaongeza mafuta, petroli inakwenda nyingi, na unyevu haukauki kwenye oili. Na kilichokuwa kinachemsha bado kipo. Ipime: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Themostati nyingi za Toyota zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na kufikia 95 ziwe zimefunguka angalau milimita 8. Isiyofika hapo, au inayobaki wazi ikipoa, itupe. Unapofunga mpya, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kiangalie juu, ndiyo njia ya hewa.

Kifuniko cha rejeta wengi wanakidharau. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani kiasi cha presha kinachoshikilia, na presha hiyo ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Mpira wake ukikauka, maji yanachemka mapema hata kama rejeta ni mpya. Ukiona chupa ya akiba inajaa injini ikiwa ya moto, halafu ikipoa maji hayarudi kwenye rejeta, anza kushuku kifuniko. Nunua chenye namba ile ile. Kuweka kikubwa zaidi "ili kiwe na nguvu" ni kuhamishia tatizo kwenye mipira na rejeta iliyochoka.

Angalia na mapezi ya rejeta kwa chini, ukiyagusa yakimomonyoka kama unga, chumvi imeshamaliza kazi, hapo hakuna kusafisha tena. Yaliyo mazima yaoshe kwa maji ya bomba yenye presha ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Kipimo kizuri cha kazi hii ni kupanda Lushoto kutoka Mombo, mlima wa kilomita 30 na ushei. Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita yote, punguza mwendo. Ukiendelea kupanda, simama na uzime. Kifuniko usikiguse mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza, na usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, hedi inapinda. Kama ukiwasha injini ya baridi, kifuniko kikiwa wazi, unaona mapovu yasiyokoma, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, hiyo ni gasketi ya hedi. Mpelekee fundi, usimimine zile dawa za kuziba.

Kwenye umeme, kabla hujakubali kuuziwa betri au stata, pima ethi. Ethi ni waya unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Chumvi inaingia pale boliti inapokutana na bodi, kutu inatengeneza utando, na umeme unapungua. Dalili: stata inagonga "ka!" bila kuzungusha, au taa za mbele zinafifia kila indiketa inapowaka. Betri iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.3, umeme unapotelea hapo.

Fungua hasi kwanza, na wakati wa kufunga iwe ya mwisho, maana spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya unapata cheche za kutosha kukuunguza. Ule ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri uoshe kwa kijiko cha bekingi soda (si hamira) kwenye kikombe cha maji ya moto, kisha suuza. Kwenye bodi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, ukubwa wa sarafu, safisha pia pete iliyo mwisho wa waya, kaza. Vaselini au grisi inapakwa juu baada ya kukaza, kuziba unyevu. Ikipakwa katikati ya kutu iliyobaki haisaidii kitu.

Kutu ya bodi inaanzia ndani. Chini ya milango na kingo za pembeni kuna vitobo vya kutolea maji, mchanga ukivijaza, maji ya masika yanakaa humo. Vizibue kwa waya laini. Inua kapeti na eneo la tairi ya akiba. Ukitoka ufukweni, au umepita dimbwi la maji ya chumvi, osha uvungu siku hiyo hiyo kwa maji yasiyo na chumvi. Uliza na kituo cha kuoshea magari wanavuta maji wapi, usije ukalipia chumvi zaidi.

Kutu ndogo: brashi ya waya, msasa namba 80, kisha 240, dawa ya kubadili kutu yenye asidi ya fosfori, praima ya zinki, rangi. Siku ya kupaka iwe kavu, na kila tabaka likauke. Oili chafu ambayo watu hupaka uvungu inapunguza kutu kweli, lakini inalainisha mipira ya bushi, inashika mchanga, na ikidondokea diski umepoteza breki. Nta ya uvungu au grisi kwenye maungio inatosha.

Mabomba ya breki ya chuma, hasa yanayoelekea ekseli ya nyuma, yapitishie kitambaa. Yakiwa na magamba, yabadilishwe, hayapakwi rangi.

Mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewa. DOT 3 (daraja la mafuta linaloandikwa kwenye chupa) mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishashiba maji inashuka hadi 140, na kwenye mteremko wa Lushoto pedali inakuwa sponji. Badilisha kila miaka 2, lita 1 inatosha. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, bila ABS (breki za kompyuta zinazozuia tairi kujifunga), anza kuyatoa gurudumu la nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, malizia mbele kulia. Mwenzako akanyage, wewe fungua nipo (kile kiskrubu chenye tundu cha kutolea mafuta na hewa kwenye breki), mafuta yatoke kwenye mpira mwembamba uliotumbukizwa ndani ya chupa, funga kabla hajaachia. Chupa ya juu isikauke hata mara moja. Na weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni: kwenye masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) kuukuu, ile sehemu pistoni haifiki kila siku ina kutu, na ukikanyaga mpaka mwisho raba zinachanika hapo hapo.

Ukiwa umetoa tairi, linganisha pedi mbili za gurudumu moja. Ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, pini za kalipa (kile kibano kinachoshika pedi) zimekwama kwa chumvi. Zitoe, msasa laini, paka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira yake, na baada ya miezi michache zinakwama upya.