Ninavyonunua Vitabu vya Ushairi wa Kigiriki Bila Kuuza Shamba

Wiki iliyopita mpwa wangu alitua Dar akitokea Hamburg, na ndani ya begi lake kulikuwa na kilo zangu. Mwenye ndugu Ulaya anajua kuomba kilo kunavyokuwa: huyu ameagiza viatu, yule manukato, shangazi dawa zake za presha. Mimi niliagiza Fraenkel. Yaani Agamemnon, tamthilia ya Aeschylus wa Ugiriki ya kale, imehaririwa na kufafanuliwa na Eduard Fraenkel, Oxford, 1950, juzuu zote tatu, yuro 95.

Nilipoweka picha, ujumbe ulimiminika. Mmoja aliniuliza kama nimepatwa na nini. Wengine, na hao ndio ninaowaandikia leo, waliuliza nimeipataje kwa bei hiyo wakati wao kila wakitafuta wanakuta imezidi mara tatu.

Nimeipata kwa sababu ina mihuri. Ilikuwa mali ya maktaba, ikaondolewa rafuni, ikauzwa. Kila juzuu ina mhuri ukurasa wa kwanza, namba ya rafu mgongoni, na yale majalada ya karatasi ya nje hayapo. Wakusanyaji wa vitabu wanaikimbia nakala ya namna hiyo kama ina ukoma. Mimi naikimbilia. Mhuri wa maktaba haumgusi Cassandra, yule mateka mtabiri wa tamthilia hiyo, anapolia mbele ya mlango wa ikulu ya Argos, wala haugusi neno hata moja la Fraenkel. Isitoshe, maktaba nyingi huimarisha jalada kabla ya kuazimisha, kwa hiyo kitabu hicho kitanizika mimi.

Kwa wasioijua kazi hiyo: tamthilia yenyewe ina mistari 1673. Juzuu ya kwanza ina utangulizi, matini na tafsiri. Ya pili inafafanua hadi mstari wa 1055, ya tatu inamalizia na kuweka faharasa. Soma tena sentensi hiyo, maana ndiyo itakayokuokoa. Juzuu moja moja za kazi hii huuzwa peke yake, na muuzaji asiyejali huandika tu "Fraenkel, Agamemnon, Oxford 1950". Mimi huandika kwanza kumwuliza: zipo tatu? Nitumie picha ya migongo mitatu ikiwa imesimama pamoja. Muuzaji mkweli hujibu siku hiyohiyo.

Sasa, watu wanadhani nilizaliwa na vitabu hivi. Kigiriki nilikianza kwenye chuo cha theolojia hapahapa Tanzania, Kigiriki cha Agano Jipya, ambacho mwalimu wetu alikifundisha kama sheria za barabarani. Nilipokwenda London nilikuwa nahudumia wazee usiku, na jioni mbili kwa wiki nikaingia darasa la Homer, mshairi wa Iliad na Odyssey, pamoja na wastaafu waliokuwa wakisoma kwa kujifurahisha. Wao walikuwa na vitabu tangu ujana wao. Mimi nilikuwa na nakala za kutoa kwenye mashine. Nikaapa nitakuwa na vyangu.

Ndipo nikaanza kuzunguka. Nilishuka Skoob, duka la mitumba lililo chini ya ardhi pale Bloomsbury, nikajifunza kupiga magoti, kwa sababu vitabu vya Kigiriki huwekwa rafu za chini wasikofika watu. Nilipanda basi hadi Oxford kuangalia vipya pale Blackwell's, mtaa wa Broad, kwenye kile chumba kikubwa cha chini kinachoitwa Norrington Room. Pale nilikuwa sinunui sana. Nilikuwa nashika, nafungua, naandika kwenye daftari jina la mhariri na mwaka wa toleo, kisha narudi kutafuta mtumba wake.

Na kuna duka moja, mji sitautaja, ambako niliingia nikasalimia, na kabla sijafungua mdomo kuuliza, yule bwana wa kaunta akaniambia vitabu vya Afrika viko ghorofa ya juu. Nilimjibu natafuta Theocritus ya Gow, yaani mashairi ya Mgiriki huyo wa kale yaliyohaririwa na Gow. Akanitazama. Akaniuliza, ni kwa ajili ya nani? Nilinunua siku ile, nikalipa taslimu, nikaomba risiti. Miaka imepita na bado sauti yake naisikia nikiifungua juzuu ya kwanza. Ndugu yangu unayesoma hapa, hasa wewe kijana, nataka unielewe: hakuna mtu anayekugawia ruhusa ya kumsoma Theocritus. Wale washairi walikufa hawajui Kiingereza wala hawajui Oxford itakuwa wapi. Ingia dukani, piga magoti, tafuta.

Turudi kwenye pesa. Kanuni yangu ni moja tu nami nitairudia mpaka mchoke: jua mhariri kabla hujaona bei. Usitafute "Euripides", yule mtunzi wa tamthilia. Tafuta mtu aliyemhariri. Matini za Oxford zenye jalada la buluu zina majina ya Kilatini, na jina hilo halibadiliki hata kazi ikibadilika yote. Euripidis Fabulae ya Gilbert Murray ilitoka mwanzoni mwa karne ya 20. Euripidis Fabulae ya James Diggle, juzuu tatu, ilitoka kati ya 1981 na 1994, ikachukua nafasi yake. Jina lilelile, rangi ileile, mchapishaji yuleyule. Muuzaji asiyesoma Kilatini anaziuza zote bei moja, na hapo ndipo mwenye kujua anapokula. Sophocles, mtunzi mwenzake, vivyo hivyo: Pearson ni wa 1924, Lloyd-Jones na Wilson ni wa 1990. Kama tangazo halitaji mhariri, mwulize. Asipojibu, pita.

Sisi watu wa Pwani hatuna sababu ya kushangaa. Utendi wa Mwana Kupona uliotolewa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934 na ule uliomo katika mkusanyo wa J. W. T. Allen wa 1971 ni utendi mmoja, lakini ukiviweka vitabu hivyo viwili mezani utaona haraka kwamba mhariri ndiye aliyeamua usome nini pale miswada ilipotofautiana. Kwa Wagiriki ni hivyo, ila miswada ni mingi zaidi na ugomvi ni wa karne nyingi zaidi.

Vitabu vya kijani vya mfululizo wa Loeb vina mtego huohuo. Wengi mnavipenda, nami navipenda: Kigiriki ukurasa wa kushoto, Kiingereza wa kulia, vinaingia mfukoni, na vimekuwa vikitoka tangu 1912. Lakini mshairi Hesiod wa Loeb aliye wa Evelyn-White ni wa 1914, na wa Glenn Most ni wa 2006 na 2007. Pindar wa Sandys ni wa 1915, wa William Race ni wa 1997. Vyote kijani. Nimeona duka moja likiuza Sandys kwa bei ya juu kuliko Race kwa sababu eti ni cha kale. Kwa mkusanyaji sawa. Wewe unataka kusoma, na Evelyn-White unampata bure kwenye intaneti, haki zake zilishakwisha.

Je, lini ununue kipya? Hapa ndipo wengi hawanisikilizi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna washairi ambao maneno yao bado yanafukuliwa. Ardhi kavu ya Misri ilihifadhi vipande vya mafunjo, ile karatasi ya kale ya matete, na kule Oxyrhynchus, Grenfell na Hunt walipoanza kuchimba majalala ya mji wa kale miaka ya 1890, walitoa vipande vingi kiasi kwamba mpaka leo havijamalizwa kuchapishwa. Maana yake ni nini kwa mfuko wako? Maana yake ni kwamba kitabu cha mshairi huyo kinapitwa na wakati ghafla. Menander, mtunzi wa vichekesho, wa kabla ya 1958 hana Dyskolos, tamthilia yake pekee tuliyo nayo karibu nzima. Iambi et Elegi Graeci, mkusanyo wa mashairi ya Kigiriki wa Martin West, juzuu ya pili, toleo la 1972, haina yale mashairi ya Simonides kuhusu vita vya Plataea, Wagiriki walipopigana na Waajemi. Yalichapishwa 1992, na toleo la pili la West la mwaka huohuo linayo. Hapo mtumba wa bei rahisi ni hasara. Na hata juzuu ya kwanza katika toleo la pili haina shairi la mwenzake Archilochus kuhusu shujaa Telephus, lililotoka 2005.

Sappho, mshairi wa kike wa kisiwa cha Lesbos, ndiye mgumu kuliko wote. Lobel na Page walimtoa 1955, Eva-Maria Voigt akamtoa upya Amsterdam 1971, David Campbell akamtoa kwa Loeb 1982. Kazi nzuri zote, na Voigt bado ndiye wanayemrejelea. Lakini mwaka 2004 mafunjo yaliyoko Cologne yakalijaza lile shairi la uzee, na 2014 likatokea la kaka zake, ambalo mpaka leo lina utata wa mafunjo yenyewe yalitoka wapi na nani aliyauza. Kwa hiyo mimi Campbell nilinunua mtumba, kisha nikanunua kipya kitabu cha Felix Budelmann cha 2018, mashairi teule ya ngoma na kinubi katika mfululizo wa Cambridge wa kijani na manjano. Kimoja cha mtumba, kimoja kipya. Ndiyo hesabu yangu kwa kila mshairi wa vipande.

Ila Homer, Hesiod, na tamthilia nzima za Aeschylus, Sophocles na Euripides? Mtumba tu. Ufafanuzi wa Dodds juu ya Bacchae ya Euripides, toleo la pili, 1960. Barrett juu ya Hippolytos, ya Euripides pia, 1964. West juu ya Theogony ya Hesiod, 1966. Vitabu hivi havijazeeka, na vilivyovifuata vinagombana navyo kila ukurasa, kwa hiyo utavihitaji tu.

Sasa tahadhari, na hapa nina uchungu. Kuna wachapishaji wanaochukua kitabu cha zamani, wanakipiga picha, wanakichapa kila mtu anapoagiza, kisha wanakiuza kama kipya. Nililipia Sophocles wa Jebb, ile kazi kubwa ya mwisho wa karne ya 19, nikaletewa furushi lenye jalada lenye picha ya maua. Ndani, zile alama ndogo za matamshi juu ya irabu zilikuwa zimefifia hadi huwezi kujua neno ni lipi, kurasa mbili zilikuwa na kivuli cha kidole cha aliyepiga picha, na mahali pengine Kigiriki kilikuwa kimegeuzwa na kompyuta kuwa herufi za ovyo. Nilipolalamika muuzaji akasema tangazo lilieleza. Halikueleza. Fedha hazikurudi. Tangu siku hiyo naomba picha ya ukurasa wa ndani, si jalada, ukurasa wenye Kigiriki, na anayekataa sinunui kwake hata anipe bure. Jebb mwenyewe mnaweza kumsoma bure mtandaoni, picha safi za nakala ya asili, na hilo ni bora mara mia kuliko lile furushi.

Msidanganywe pia na madaraja ya wauzaji. Kitabu kinachoelezwa kwa Kiingereza kuwa kiko katika hali nzuri, kwa desturi yao kimechoka. Hali nzuri sana ndiyo hali ya kawaida. Maandishi ya penseli pembeni mimi siyaogopi, nayatafuta. Vitabu vingi vya mtumba vya fani hii vinatoka kwenye maktaba za maprofesa waliofariki, na penseli ya profesa ni mhadhara wa bure. Kalamu ya wino, hapana. Ile ya rangi ya njano inayong'aa, Mungu atuepushe.

Kwa mtafutaji anayeishi Nairobi au Dar: vibanda vya barabarani vitakupa Odyssey ya Penguin ya E. V. Rieu, ile tafsiri ya nathari iliyoanzisha mfululizo wao 1946, na ukiipata chukua. Ufafanuzi wa kitaalamu hutaupata pale. Tafuta AbeBooks, soko la vitabu la mtandaoni, na usiishie kwa wauzaji wa Uingereza. Wajerumani wana akiba kubwa na bei zao hazina majivuno. Nauli ndiyo adui. Posta ya Marekani ilifuta usafirishaji wa meli kwenda nje mwaka 2007, na tangu hapo kitabu kizito kutoka kule kinaweza kudai nauli kuliko bei yake. Book Depository, duka la mtandaoni lililotuma nchi nyingi bila kutoza nauli, walifunga Aprili 2023. Zimebaki kilo za ndugu. Agiza kitabu kifike kwake wiki mbili kabla ya safari, mlipie kabla hajaomba, na usimbebeshe juzuu sita za ufafanuzi wa Iliad wa Cambridge kwa mkupuo mmoja. Mke wa binamu yangu hajanisamehe.

Wale wanatheolojia mlioniandikia, mnaojua Kigiriki cha Injili na mnataka kuvuka kwenda kwa Homer: msianze na Fraenkel kwa sababu ya picha yangu. Chukueni kitabu cha Clyde Pharr kinachofundisha Kigiriki moja kwa moja kwa Iliad, cha 1920, cha bure. Geoffrey Steadman naye ametoa matini zenye msamiati chini ya kila ukurasa, na faili zake ni za bure. Ongezeni kamusi ya Homer ya Cunliffe, ya 1924, mtumba. Fedha wekeni. Mtakapoona Pharr hawatoshi tena, mtajua wenyewe mnamhitaji mhariri gani, na hapo ndipo mnifuate inboksi.

Mimi kwa sasa namtafuta mshairi Callimachus wa Rudolf Pfeiffer, juzuu ya pili, Oxford 1953, yenye tenzi za miungu na epigramu, yale mashairi mafupi. Ya kwanza ninayo. Mihuri ruksa, penseli ruksa, jalada la nje silihitaji. Mwenye kuiona mahali chini ya pauni 60 anipigie hata usiku.