Mjomba ana mvi, wanamwita mchawi

Dada, umeuliza kama Mkristo aingilie binamu zako wanapomwita mjomba wenu wa Ganze mchawi, au aombe tu. Omba, lakini kwanza mtoe pale leo. Huku Kilifi wazee wengi wameuawa baada ya maneno kama hayo, na mara nyingi ukichimba unakuta shamba. Hebu waulize: uchawi wake ulianza kabla au baada ya kukataa kugawa minazi?

Mambo ya Walawi 19:32 inasema, "Mwondokee mtu mwenye mvi." Kwetu mvi zimekuwa ushahidi mahakamani! Na Kumbukumbu 27:17 inamlaani anayesogeza mpaka wa jirani.

Kituo cha Kaya Godoma, huko huko Ganze, huwapokea wazee waliotishiwa. Kisha nenda kwa chifu na polisi: Sheria ya Uchawi ya 1925 inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Hati ya shamba itunzwe na mtu asiyerithi.

Mchungaji wenu naye aende kunywa chai kwa mzee, akae barazani mchana, binamu wamwone.