Maswali yenu: nyoka wa mwembeni, kinyonga na nyama ya kasa

Masika ikipiga hodi, maswali ya nyoka huja kwa wingi. Waliouliza dawa ya kunyunyiza uani ili nyoka wasiingie, jibu lao ni fupi: fyekeni majani, ondoeni lundo la makuti na mawe, na chakula cha kuku kisilale nje, maana panya hukifuata na nyoka humfuata panya. Tuingie kwenye mengine.

Ami, shambani kwetu Mwera kuna nyoka wa kijani juu ya miembe. Vijana wanasema wote wauawe. Mwenye sumu nitamjuaje?

Wa kijani si mmoja. Yuko ukukwi, mwembamba, mara nyingi hafiki hata mita moja, anakula vyura na mijusi, na hana la kukudhuru. Na yuko mamba wa kijani (si yule mamba wa mtoni), ambaye akikomaa hukaribia mita mbili au kuzidi, kichwa chembamba kirefu, kijani tupu kuanzia kichwani mpaka mkiani. Huyu sumu yake inaua. Lakini maisha yake ni juu mtini, anawinda ndege, popo na panya, na akikuona hujiondokea.

Utasikia watu wakisema mwenye jicho kubwa ni salama. Usiwasikilize: boomslang, nyoka mwingine wa mtini, pia ana jicho kubwa na sumu yake ni kali. Kwa hiyo sikushauri ujifunze kuwatofautisha ukiwa umeshika tawi. Kabla ya kupanda, simama chini utazame matawi taratibu, na mkono usiutie kwenye majani usiyoyaona ndani. Ukimwona, shuka, mwache apite. Usimfuate na fimbo, ndivyo watu wanavyoumwa.

Mjomba aliumwa na nyoka, akafungwa kamba na kuwekewa jiwe la nyoka, lile linalosemwa hunyonya sumu, akapona. Mbona hospitali wanakataza?

Alipona, na tunamshukuru Mungu, ila jiwe halikufanya kazi hiyo. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu huweza kuuma bila kuitoa. Katika hali hizo ungeweka jiwe, kitunguu au usiweke kitu, mgonjwa angepona vilevile, na sifa ingekwenda kwa kilichowekwa. Siku sumu ikiingia kweli, jiwe litakupotezea muda tu.

Kamba ni mbaya zaidi. Inazuia damu, na mguu ambao ungetibika unaweza kuishia kukatwa. Kuchanja na kunyonya, vilevile usifanye. Vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza, mguu au mkono ufunge banzi kama uliovunjika, mgonjwa alale abebwe, asitembee, na gari itafutwe hapo hapo. Nyoka hahitaji kupelekwa hospitali. Madaktari wanatibu dalili wanazoziona. Kama ni swila aliyekutemea machoni, osha kwa maji safi mengi, mengi kweli, kisha nenda kwa daktari.

Mwanangu, mjukuu wangu ameokota kinyonga huku Wete na majirani wanasema ana sumu na analeta mkosi. Nimchape?

Bibi, shikamoo. Usimchape, mjukuu wala kinyonga. Hana sumu. Akivimba, akafungua kinywa na kufoka, ni woga tu, kwa sababu hana mbio za kumwokoa.

Mkae naye kidogo mmtazame. Jicho moja litakuangalia wewe na jingine litamfuata nzi, kila moja na safari yake. Vidole vimegawanyika makundi mawili, vinabana kijiti kama koleo. Ulimi ukitoka unapita urefu wa mwili wake. Na ukimweka juu ya kanga nyekundu hatakuwa mwekundu: rangi yake hubadilika zaidi kwa joto, mwanga, hofu na hasira.

Jike akiwa na mayai hushuka chini, huchimba shimo, hutaga mayai kwa makumi na kuyafukia. Ndio wakati huo watoto humkuta njiani na kumpiga mawe. Mrudisheni kichakani.

Baba zetu hapa Mkoani wamekula kasa miaka yote. Leo mnatuambia ni sumu?

Kaka, si kila kasa ana sumu, na balaa lenyewe ndilo hilo. Inadhaniwa inatokana na mwani wenye sumu anaoula baharini, ikakaa mwilini mwake naye akaogelea vizuri tu. Nyama haina harufu mbaya, haina rangi ya ajabu. Kuichemsha hakuitoi sumu, na ndimu na pilipili pia hazisaidii.

Novemba 2021 watu saba walifariki hapo hapo Pemba. Machi 2024 Kisiwa Panza kikapoteza watoto wanane na mtu mzima mmoja, na watu 78 wakalazwa. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii; hospitali hukusaidia mwili upambane nayo. Watoto na wazee ndio wanaoumia zaidi, na mama aliyekula huweza kumpitishia mwanawe kwa maziwa. Mliokula na mkaanza kutapika au kuwashwa koo, msingoje asubuhi. Halafu kuvua kasa ni kosa kisheria, ingawa ningekuwa mimi, hesabu ya Panza ingenitosha bila sheria.

Mjusi wa kijani kwenye migomba yetu Pemba anauma?

Hana madhara. Anakula wadudu na kulamba utamu wa maua. Mjusi huyo asili yake ni Pemba peke yake dunia nzima, kama popo wenu mkubwa.

Bafuni kwetu ametoka kitu cheusi kama nyungunyungu, kinang'aa, na mama anasema ni nyoka wa vichwa viwili.

Kichwa ni kimoja. Mkia wake butu ndio unaowadanganya. Ni nyoka kipofu, anakula mayai ya sisimizi na mchwa, na kinywa chake hakiwezi kukuuma. Kuna aina ambayo wote ni majike, hutaga bila dume, na husafiri ulimwenguni ndani ya vyungu vya maua. Mchote kwa karatasi, mtie kwenye udongo wenye unyevu nje.