Anakula Nini Siku Ambayo Hakuna Jahazi: Kwa Wanaoanza Kubuni Viumbe vya Baharini

Wenzangu mnaoanza kazi ya kubuni dunia za hadithi, hasa nyinyi mnaotaka kumweka baharini kiumbe wa kutisha ambaye watu wa dunia hiyo watamsimulia vizazi na vizazi, nawaandikia kutoka Mombasa baada ya miaka 14 ya kuandika, kufuta na kuandika upya habari za kiumbe mmoja tu. Jina lake ni Mlamwezi. Bahari yake haimo katika ramani yoyote, juu yake kuna miezi miwili, na wenyeji wa visiwa vya huko husema kwamba hapo kale miezi ilikuwa mitatu. Yako mambo ambayo lau ningeyajua tangu mwanzo nisingejaza madaftari matatu ya bure, na hayo ndiyo ninayotaka kuwapa.

Katika rasimu yangu ya kwanza Mlamwezi alikuwa na urefu wa pima 200, macho mekundu na meno marefu kama milingoti, naye alikaa katika mlango wa bahari baina ya visiwa viwili akimeza majahazi. Nilimwonea fahari kubwa. Jioni moja nilimsomea kurasa hizo mzee mmoja wa mtaani kwetu, Mji wa Kale, aliyevua kwa mshipi na malema maisha yake yote. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akamaliza kahawa yake, kisha akauliza: "Mwanangu, na siku ambayo hakuna jahazi, huyu anakula nini?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, na ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba mzee hakunidharau hata kidogo. Alikuwa amemchukulia kiumbe wangu kwa uzito kuliko nilivyomchukulia mimi mwenyewe.

Basi anzeni na chakula, kabla ya macho na meno. Katika bahari yetu, kila chakula kinapopanda ngazi moja, kutoka mmea hadi mlaji wake na kutoka mlaji huyo hadi anayemwinda, ni kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake inayofika juu, kwa kuwa iliyobaki imekwisha kutumika katika kuishi. Ndiyo sababu nyangumi wa buluu, aliye mkubwa kuliko wanyama wote, hula viumbe wadogo jamii ya uduvi, na papa shilingi, ambaye wavuvi wetu walimpa jina hilo kwa madoa yake yanayofanana na sarafu, huchuja maji ili apate vijidudu vinavyoelea na visamaki vidogo. Ukitaka mwindaji mkubwa anayekula wawindaji wengine, itakubidi umfanye awe nadra, na umpe bahari pana ya kuzunguka, au umpe mwili usiohitaji chakula kingi. Mimi nilichagua njia hii ya mwisho. Samaki wengi hawatumii chakula chao kuupasha mwili joto kama afanyavyo nyangumi, kwa hiyo samaki mkubwa anayekaa kimya pangoni huweza kuvumilia njaa kwa muda ambao mnyama wa damu moto angekufa. Nilimpunguza Mlamwezi kutoka pima 200 hadi pima 9, nikamtoa mlangoni, nikamlaza katika pango penye ukingo wa kilindi. Tangu siku hiyo alianza kunitisha kweli.

Umbo lake lilitokana na asubuhi moja ambayo mzee yule alinichukua hadi bandarini kwa wavuvi, madau yakiwa ndiyo kwanza yanarudi. Mmoja alikuwa ameleta chewa wa kilo 30 hivi, aliyevuliwa kwa mshipi kutoka maji marefu, na tumbo lake lilikuwa limetokeza mdomoni kama puto, kwa sababu kibofu cha hewa kilicho ndani ya samaki huyo hutanuka anapopandishwa haraka na kusukuma kila kitu mbele yake. Mzee alilirudisha tumbo ndani kwa kidole gumba, akaniambia nitie mkono mdomoni taratibu. Meno ya ndani yalikuwa mafupi, mengi, yameinamia kooni, hata mkono wangu uliingia kwa wepesi na kutoka kwa taabu. Alipopasuliwa alikutwa na kamba mawe mzima, hata ndevu zake ndefu hazijakatika. Chewa hatafuni. Hukaa kimya mbele ya jiwe lake, kisha hufunua mdomo na mashavu kwa ghafla kiasi kwamba maji huvutwa ndani pamoja na kilichomo, na maji hayo hutokea kwenye matamvua huku chakula kikibaki.

Nikiwa nimesimama pale na mkono wangu una utelezi, nilimkumbuka bibi yangu. Alitusimulia tukiwa watoto kwamba chini ya bahari yuko chewa mkubwa ambaye akinywa maji, bahari hupwa, na akiyatema, bahari hujaa. Na kwamba ni chewa huyohuyo anayeumeza mwezi usiku unapopatwa. Nilipokwenda shule niliiweka hadithi hiyo kando kama kitu cha utotoni. Lakini tazameni jinsi ilivyoshikana. Mwezi hauwezi kupatwa ila ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi vikiwa vimejipanga katika mstari mmoja, na mpangilio huo ndio pia unaoleta bamvua, ambapo hapa Mombasa tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Kwa maneno mengine, usiku ambao mwezi humezwa huwa ndani ya siku zilezile ambazo bahari hunywewa mno na kutemwa mno. Bibi alikuwa na hadithi moja kwa mambo mawili, nami darasani nilifundishwa kwamba mambo hayo mawili yana chanzo kimoja. Na samaki aliyechaguliwa kubeba hadithi hiyo ni samaki ambaye kweli hula kwa kunywa maji.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo nalithamini kuliko mengine yote. Mnapomwandikia kiumbe wenu maisha yake ya asili, msiwape watu wa dunia yenu hadithi za ovyo eti kwa sababu wao ni wajinga na mwandishi anajua zaidi. Wapeni hadithi iliyotokana na kuangalia kwa makini kutoka mahali walipo, ikakosea pale tu ambapo jicho lao lisingeweza kufika. Wenyeji wa visiwa vyangu wanasema Mlamwezi alimeza mwezi wa tatu na sasa hutoka kutafuta uliobaki. Ukweli ni kwamba yeye hutoka pangoni miezi miwili inapojipanga, kwa kuwa ndipo bamvua kuu inapokuja na ndipo samaki wa mwambani wanapokusanyika mlangoni kutaga mayai, yachukuliwe na mkondo. Anafuata chakula. Wanaomwona humwona usiku huo tu, chini ya anga hilo tu. Mtu gani mwenye akili angekosa kumhusisha na mwezi?

Kutoka kwa chewa nilichukua jambo jingine. Aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike, na baadhi yao, wakishakua sana, hugeuka kuwa madume. Kwa hiyo wavuvi wakichagua wakubwa tu, wanaweza kuliacha kundi na madume wachache mno, hadi majike wengine wapate muda wa kugeuka. Hebu fikirini jambo hilo likiingia katika dunia ya kubuni. Katika kisiwa cha kaskazini wanamwabudu Malkia wa Kilindi, ambaye katika simulizi zao aliuawa miaka 100 iliyopita na dhalimu aliyetoka kusini. Katika kisiwa cha kusini wanamtukuza Mfalme aliyezuka baharini miaka hiyohiyo. Wamepigana vita vitatu juu ya heshima ya wawili hao, na wote wawili ni mnyama mmoja aliyepevuka. Sikulazimika kubuni uadui wala sababu yake. Vita vile vilizaliwa na samaki. Mnaponiuliza kwa nini nawasukuma msome habari za viumbe halisi, jibu langu ni hilo.

Jihadharini pia na mazoea ya kumtazama kiumbe wenu kutoka juu, kama kwamba mwandishi ameelea majini akiona yote. Bahari haionekani hivyo. Askofu Erik Pontoppidan, alipoandika juu ya viumbe vya Norwe katika miaka ya 1752 na 1753, alimtia kraken, dubwana la baharini la simulizi za huko, katika kitabu chake, na habari ninayoipenda humo si ukubwa wake uliolinganishwa na kisiwa, bali ni habari za wavuvi waliotambua kwamba yuko chini yao kwa kuona kina cha maji kimepungua isivyo kawaida na samaki wamejazana, wakavua kwa pupa huku wakiwa tayari kukimbia. Huo ni ushahidi wa mtu wa kazi. Karne nyingi kabla yake, katika karne ya 10, Al-Masudi, mwandishi Mwarabu aliyesafiri katika bahari ya Zanji, yaani bahari hii yetu ya Afrika Mashariki, aliandika juu ya samaki mkubwa ambaye mabaharia walimhofu hata wakapiga ngoma kumfukuza. Ngisi mkubwa wa kilindini alipewa jina lake la kitaalamu, Architeuthis, na Japetus Steenstrup mwaka 1857, kwa kutegemea mabaki, hasa mdomo wake mgumu. Picha za kwanza za ngisi huyo akiwa hai katika makazi yake zilipigwa na Wajapani, Tsunemi Kubodera na Kyoichi Mori, mwaka 2004. Katikati ya miaka hiyo yote alijulikana kwa vipande: mzoga ufukweni, mkono uliokatika, alama za duara katika ngozi ya nyangumi.

Na msidhani kwamba wasomi ndio hutangulia kujua. Samaki aitwaye silikanti alihesabiwa na wataalamu kuwa ametoweka pamoja na madinosaria, hadi mwaka 1938 alipoonekana mmoja katika shehena ya samaki huko East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya mji huo. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimnasa siku zote na wanamwita gombessa. Kwao hakuwa mwujiza, alikuwa samaki asiyefaa sana kuliwa. Mwaka 2001 alinaswa mmoja hata karibu na Malindi, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa ninapoandika. Katika dunia yenu, basi, jiulizeni ni nani anayemjua kiumbe huyu bila kumshangaa. Kwangu mimi ni wauza ambari, yale matapishi ya baharini yanayotiwa katika manukato. Wao hawajapata kumwona Mlamwezi, lakini wanajua rangi ya matapishi yake yanapoletwa na kaskazi na yanapoletwa na kusi, na wana majina manne ya harufu yake.

Juu ya majina sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba neno moja likibeba vitu viwili msikimbilie kulitenganisha. Nguva ni mnyama mpole anayelisha majani ya chini ya bahari, akiacha njia nyeupe ya mchanga kila anapopita, na huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya zaidi ya mwaka. Nguva vilevile ni mwanamke nusu samaki wa hadithi. Wengi wenu huniletea huyo wa pili akiwa amepambwa nywele ndefu na vito. Nileteeni ile njia ya mchanga kati ya majani, iliyoonekana asubuhi na mtu ambaye hakumwona aliyeipita. Inaniumiza kuona inaachwa, hasa sasa ambapo nguva waliobaki katika pwani ya Kenya ni wachache sana.

Mhariri mmoja aliwahi kunitaka niondoe habari zote za matamvua, vibofu na mayai, akisema kwamba msomaji wa Kiswahili anataka vita. Nilikasirika, kisha nikapima na kuona kwamba alikuwa na nusu ya haki. Kati ya kurasa 60 za daftari langu la Mlamwezi, sentensi chache tu ndizo zilizoingia katika hadithi yenyewe, na ndivyo inavyostahili. Hata hivyo zile kurasa nyingine hazikupotea, maana ndizo zilizonizuia nisimfanye atokee mchana wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, kwa sababu tu nilihitaji tishio katika sura ya tano. Kazi niliyoizidisha ni moja: nilitumia miezi mitatu nikipiga hesabu za maji ya bahari yenye miezi miwili. Ingetosha kwenda Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa, kila siku kwa majuma mawili na kuona kwa macho jinsi maji yanavyochelewa kama dakika 50 kila siku, jinsi bamvua inavyofunua miamba ambayo maji mafu huificha, na jinsi watu wanaoishi kando ya bahari wanavyopanga siku yao kwa jambo hilo bila kulitaja.

Jambo la mwisho linalosahauliwa na karibu kila anayeanza ni kifo. Viumbe wa hadithi huuawa na mashujaa, halafu ukurasa hufungwa. Lakini mzoga wa nyangumi unapozama kilindini hugeuka kuwa mji: kwanza huja papa na samaki wa kula nyama, kisha minyoo na kaa, halafu viumbe wanaoishi kwa kemikali zitokazo katika mafuta ya mifupa, na karamu hiyo huweza kudumu makumi ya miaka. Nimeandika mahali mama yake Mlamwezi alipolala, upande wa magharibi wa kisiwa cha kusini, pima 400 chini. Hakuna mhusika wangu atakayefika huko. Wavuvi wa kisiwa hicho wanajua tu kwamba mishipi inayoshushwa hapo hurudi na kaa weupe wasio na macho, na kwamba wazee huwakataza kuwala.