Kuinua gari, spotilaiti na waranti ya nyongeza: yaliyonikuta na pikapu yangu

Ndugu wa Mbarara, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu gari unaloeleza ni kama langu kabisa. Umenunua dabo kabini mpya ya dizeli kwa mkopo wa benki, ina waranti ya kiwanda ya miaka 3 au kilomita 100,000, ukalipa pesa nyingine upate miaka 2 ya nyongeza. Sasa unataka kuinua inchi 2, uvishe matairi makubwa zaidi, ya 285/70 badala ya 265/65, ufunge bulbaa (chuma cha kukinga pua ya gari) na spotilaiti (taa kali za ziada), na kuna fundi Kampala anakuambia atakuongezea nguvu kwenye kompyuta ya injini. Unauliza kama ile waranti ya nyongeza itakufa.

Inategemea sentensi moja katika karatasi uliyotia saini, nami naomba uitafute leo kabla hujampa fundi yeyote ufunguo. Mikataba mingine inasema hailipi hitilafu *iliyosababishwa* na mabadiliko. Mingine inasema hailipi gari *lililobadilishwa* bila idhini. Ukiyasoma haraka utadhani ni kitu kimoja. Kwa mkataba wa kwanza, spotilaiti zikiunguza waya, unalipia waya huo na giaboksi yako inaendelea kulindwa. Kwa mkataba wa pili, spotilaiti hizohizo zinaweza kukunyima giaboksi ambayo hazijawahi kuigusa.

Tena tusichanganye mambo mawili. Waranti ya kiwanda ni ahadi ya mtengenezaji inayokuja na gari. Ya nyongeza ni mkataba wa pekee ulioununua, na mara nyingi anayelipa ni kampuni nyingine, pengine ya bima, ambayo hata hujawahi kuona ofisi yake. Yule anayekuuzia gari akikuambia kwa mdomo "funga tu, hakuna shida", huenda anasema kweli kuhusu ile ya kwanza, lakini hana mamlaka juu ya hii ya pili.

Sasa yangu. Mimi ni mtu wa Arua, naishi Mbale, kazi yangu ni kufunga na kutengeneza pampu za visima, kwa hiyo Karamoja, kule kaskazini mashariki mwa Uganda, ndiko ninakokula. Gari nililinunua mwaka 2019. Ukishakwama kwenye ule udongo mweusi wa Kotido wakati wa mvua, na nyuma umebeba mabomba, hamu ya kuinua gari inakuja yenyewe, siwezi kukulaumu. Niliinua inchi 2. Miezi kumi na kidogo baadaye nikasikia mlio wa tak-tak-tak kila nikikata kona. Sivi jointi ya kushoto, kile kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele, ilikuwa imekwisha.

Nilipeleka madai kwa watu wa waranti, wakakataa, na hapo walikuwa na haki. Ukiinua gari lenye shafti huru mbele, magurudumu yanashuka lakini difu, ile giya inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, inabaki juu pamoja na bodi, hivyo shafti inalala kwa pembe kali zaidi. Jointi inafanya kazi imepinda muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka. Buti lake la mpira linajikunja, linachanika, grisi inatoka, vumbi linaingia. Fundi wao alinionyesha buti lililochanika na pembe ya shafti, nikatazama, nikalipa mwenyewe zaidi ya shilingi milioni mbili za Uganda kwa shafti halisi. Sikuwa na la kubisha. Baadaye nilifunga kifaa cha kushusha difu, nacho kimesaidia, ila ningekifunga siku ileile ya kuinua.

Hitilafu ya pili ndiyo iliyonifundisha kupigana. Spotilaiti nilizifungisha kwa fundi umeme wa barabarani, taa mbili za wati 100 kila moja. Piga hesabu: wati 200 kwa volti 12 ni karibu ampea 17. Yeye alizichukulia umeme kwenye waya wa taa kubwa, bila rilei (swichi inayobeba umeme mkubwa badala ya waya mdogo), na fyuzi ilipoanza kukatika akaweka kubwa zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini nikinywa chai, wala sikuuliza. Mwaka 2023, usiku, nikitoka Moroto, karibu na Iriiri taa ya batri ikawaka kwenye dashibodi, nikasikia kelele ya chuma kusaga chuma, mkanda ukaanza kutoa moshi. Altaneta, yaani mashine inayochaji batri, ilikuwa imekwama. Nililala ndani ya gari mpaka asubuhi.

Jibu la kampuni lilikuja kwa sentensi moja: madai yamekataliwa kwa sababu ya vifaa vya umeme vilivyoongezwa. Wengi wetu tukipata karatasi ya namna hiyo tunaikunja, tunaenda soko la Kisekka, Kampala, kutafuta spea. Mimi niliandika barua, kwa adabu, nikaomba vitu vinne: namba ya kipengele wanachotumia, ripoti ya fundi aliyekagua, picha, na altaneta yenyewe isitupwe. Hilo la mwisho usilisahau kamwe. Kifaa kibovu kikishatupwa, huna kesi.

Nilimchukua fundi wa altaneta wa hapa Mbale mwenye uzoefu mrefu, akaifungua mbele yao. Koili, yaani zile nyaya za ndani ambazo ndizo huungua umeme ukivutwa kupita kiasi, zilikuwa na rangi yake, hazikuungua. Kilichokufa ni beringi. Tena mkataba wangu ulikuwa wa aina ile ya kwanza, wa "iliyosababishwa". Nikawauliza: taa zangu zimeiuaje beringi wakati koili iko salama? Ilichukua wiki tano. Mwishowe walilipa altaneta na mkanda. Waya wa taa kubwa uliokuwa umeyeyuka walikataa, na ule ulikuwa wangu kwa haki, nikaulipia.

Utakutana na watu mtandaoni watakaokuambia kwamba kisheria kampuni haiwezi kukataa mpaka ithibitishe kifaa chako ndicho kilicholeta hasara. Wengi wao wanasoma mambo ya Marekani. Kule ipo sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, ambayo inamkataza mtoa waranti kukulazimisha utumie vipuri vya jina lake tu. Haivuki bahari kuja Kampala. Sisi Uganda tuna Sheria ya Mikataba ya 2010 na ile ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji Huduma ya 2017. Hiyo ya pili inambana anayekuuzia kitu kuhusu ubora wake na kufaa kwa kazi, lakini haitakifuta kipengele cha mabadiliko ulichokitia saini kwa mkono wako. Ndiyo maana nakusukuma kwenye maneno ya karatasi. Wakikuonea kweli, na kiasi hakizidi shilingi milioni 10, mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo ambako unajisemea mwenyewe bila wakili. Mimi sikufika huko, ila katika barua yangu ya tatu niliutaja, na majibu yakaanza kuja haraka.

Turudi kwenye orodha yako. Ya kompyuta ya injini, nakuomba uiache kabisa muda wote waranti ikiwa hai. Ukiongeza msukumo wa turbo na dizeli, joto la moshi linapanda, na wanaoumia ni turbo na pistoni, yaani vitu ghali kuliko vyote ulivyovilipia ulinzi. Usidanganyike na "tutairudisha ilivyokuwa kabla ya sevisi". Programu ya injini ina namba ya utambulisho na namba ya uhakiki, na kompyuta nyingi za siku hizi zinaweka hesabu ya mara ambazo programu imeandikwa upya. Mashine ya uchunguzi inasoma yote hayo. Hapo kampuni haihitaji hata kubishana na wewe.

Matairi yana jambo ambalo wengi hawalioni. Kwa rimu ya inchi 17, tairi la 265/65 lina kipenyo cha milimita 776 hivi, la 285/70 ni 831. Tofauti ni asilimia 7. Dashibodi ikisema 100 wewe uko 107. Na mita ya kilomita nayo inapunguza: ikisoma 5,000 ya sevisi, gari limeshatembea 5,350. Mkataba wako una kikomo cha kilomita, kwa hiyo mkaguzi akipima tairi anaweza kudai kilomita ulizoandikisha si za kweli. Juu ya hayo, beringi za magurudumu, breki na giaboksi zinabeba uzito zaidi. Ukiyataka kweli, mita irekebishwe na risiti ya kazi hiyo uihifadhi. Mimi nilirudi kwenye saizi ya kiwanda, nikachukua matairi ya matope, na Kotido nafika.

Bulbaa, nunua ile iliyotengenezwa kwa modeli yako na inayotambulika na mtengenezaji, kwa sababu ya sensa za mifuko ya hewa (eabegi) na hewa inayopoza rejeta. Ya kuchomelewa na mafundi wa Katwe, Kampala, ni imara, lakini haikujaribiwa na gari lako. Spotilaiti hazina tatizo zikipewa waya wake kutoka kwenye batri, fyuzi yake na rilei yake. Kuinua, omba kit (seti ya vifaa vya kuinulia) yenye idhini, na omba idhini yenyewe kwa maandishi kutoka kwa anayelipa madai. Ukitumiwa kwa barua pepe inatosha. Kampuni ya bima yako ya ajali nayo ijulishe.

Kuna kitu hukukitaja. Gari la mkopo wa benki kwa kawaida linafungwa traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo), na traka nyingi zina kikata umeme kilichounganishwa kwenye waya wa stata au pampu ya mafuta. Hayo nayo ni mabadiliko! Hukuyachagua wewe, lakini siku gari likikataa kuwaka ndiyo ya kwanza watakayoitazama. Waombe benki cheti cha ufungaji chenye tarehe na jina la aliyefunga, ukipeleke kwa kampuni ya waranti sasa, wakati gari ni zima na hakuna mtu mwenye sababu ya kukukatalia.

Ukiipata ile sentensi ya mabadiliko kwenye mkataba wako, iandike hapa kama ilivyo, neno kwa neno, tuisome pamoja.